Neva na Shamba Lisilo na Vichwa

Shemeji yangu Neva Prewitt anauza mafuta ya hempu katika jengo ambalo zamani lilikuwa ghala la mnada wa tumbaku, hapa Gilead Fork, Kentucky. Nikisema zamani, vijana hudhani nasimulia habari za babu zangu. Nasimulia zangu. Nimesimama juu ya sakafu ileile mwezi wa Desemba, tumbaku yangu na ya marehemu kaka yangu Dorsey imepangwa mafungu mafungu, inanukia kama zabibu kavu, na dalali anapita mbio kati ya mistari akiimba bei kwa ulimi usioeleweka na mtu ila wale waliotakiwa kuuelewa. Siku hizi nusu ya mbele ya ghala ni duka la Neva. Nusu ya nyuma wamo wanawake wa suruali za kubana, wanajinyoosha juu ya vijikeka na kuhema kwa pamoja, kana kwamba kuna mzigo wamebeba.

Mabani ya kukaushia tumbaku nayo yamekwisha. Yaliyoanguka yameanguka, na mbao za yaliyobaki zimenunuliwa na watu wa mjini, wakazipigilia kwenye kuta za mikahawa yao ili mteja ajione yuko shamba. Niliwahi kunywa kahawa katika mkahawa wa namna hiyo nikalitambua bani la baba yangu kwa msumari alioupiga upogo. Sikuimaliza ile kahawa.

Lakini leo sikukaa chini kulia. Nataka kusimulia habari za Neva, na za jinsi kanisa zima lilivyomharibia shamba kwa upendo.

Hempu, kwa asiyeijua, ni mtoto wa bangi aliyeokoka. Sura ni ya mama yake, harufu ni ya mama yake, ila halevyi. Katika maua yake mna mafuta wanayoyaita CBD, na wazee wa hapa huyadondosha chini ya ulimi kwa ajili ya magoti, usingizi na hasira. Kama yanatibu, mimi sijui. Nayatumia, na hasira bado ninayo.

Kampuni za tumbaku zilipoacha kununua kwetu, Bunge la jimbo lilisema limeni hempu. Kila mtu akalima. Mavuno yalipofika kila mtu alikuwa na hempu na hapakuwa na mnunuzi. Wengi wakaitupa, wakatukana, wakarudi kufuga ng'ombe. Hobert Sallee, shemasi wetu wa kanisa la Baptisti, hakuigusa tangu mwanzo, wala wazee wenzake wa kanisani. Alisema yeye hawezi kulima mmea ambao polisi lazima apewe maelezo. Kati yetu watu wa tumbaku, Neva peke yake ndiye aliyeendelea.

Dorsey alipofariki, binti yao aliyeolewa Ohio alikuja na gari kubwa kumchukua mama yake. Alikuwa ameshamwandalia chumba chenye mapazia ya maua. Neva alimshukuru, akampikia, akamjazia buti la gari maboga, akamrudisha Ohio na gari lake tupu. Halafu akavaa kofia ya Dorsey, akapanda hempu katika lile shamba dogo la nyuma ya nyumba, akakodi nusu ya ghala. Ni mwanamke mfupi, anatembea kama mtu aliyechelewa basi, na kicheko chake huja nyuma ya kichekesho kwa mwendo mrefu, hata ukishasahau ulisema nini.

Shida yake kubwa haikuwa wadudu wala ukame. Ilikuwa Januari. Kila Januari wabunge wetu huenda makao makuu ya jimbo kama kuku wanaokwenda kutaga, na sisi huku ndio tunaoatamia. Lebo ya kwanza ya Neva ilikuwa na picha ya nyumbu wa Dorsey wa kuvuta plau, aliyeitwa Jaji. Ikaja sheria: picha za wanyama marufuku, watoto watadhani ni peremende.

"Mtoto gani atamwona Jaji atamani kumramba?" Neva aliuliza. Hata hivyo akamtoa.

Mwaka uliofuata wakataka onyo kwa herufi kubwa. Uliofuata wakataka jina la maabara, na kile kisanduku chenye vidoa vyeusi kinachopigwa picha kwa simu. Maandishi yakaizidi chupa. Ikabidi anunue chupa kubwa zaidi atie mafuta yaleyale, na wateja wakaanza kunung'unika kwamba Neva siku hizi hajazi. Kisha ikaja nyingine: matone yote yakae nyuma ya kaunta, na kila anayenunua aonyeshe kitambulisho, hata awe na umri gani.

Halafu ikaja ile iliyomkosesha usingizi. Zamani walipima kilevi kilichomo ndani ya mmea. Sasa wakaamua kujumlisha na kile ambacho bado si kilevi, ila kingeweza kuwa kilevi kama kingepata moto. Ni sawa na kulifunga yai kwa kosa la kuwika alfajiri. Na chupa zote za zamani, zilizokuwa halali jana, zisionekane rafuni baada ya mwisho wa mwaka.

Kwa hiyo Neva alibakiwa na njia moja. Mavuno ya mwaka huo yapite kipimo kipya, akamue mafuta mapya, ayaweke rafuni kabla mwaka haujaisha. Asipokuwa na bidhaa halali, leseni ya duka haihuishwi. Na mwenye ghala alikuwa ameshamwambia kwamba wale wa vijikeka wanaitaka nusu ya mbele, kuna jua zuri.

"Shemeji Estill," aliniambia huku anapanga chupa, "likifungwa duka hili, mimi ni wa mapazia."

Basi mwezi wa Agosti, hempu ikiwa imeanza kuchanua, mawe ya nyongo yakamwangusha. Tulimpeleka hospitali ya mjini. Akiwa kitandani, kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji, alinishika mkono wa shati.

"Duka ukae wewe. Shamba usiliguse."

"Hata magugu?"

"Hata kwa macho. Liache lichanue."

Nikakaa dukani. Mtu aliyeacha shule darasa la nane, akajisomea mwenyewe ndani ya bani mvua ikinyesha, anajiona anaweza kuuza matone. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mwalimu Imogene Clore, ambaye amepita miaka tisini na ndiye aliyenifundisha kusoma.

"Nipe chupa yangu, Estill."

"Kitambulisho, mwalimu."

Akanitazama vilevile alivyonitazama nilipomwaga wino mwaka ule. "Unataka kujua mimi ni nani?"

"Nakujua. Sheria inataka kujua kama umefika umri."

"Umri wa nini? Wa kufa?"

"Wa kununua matone."

Akafungua mkoba, akatoa leseni yake ya udereva. Nikaisoma. Muda wake ulikuwa umekwisha tangu alipoacha kuendesha gari, na hiyo ni habari ya siku nyingi.

"Imekwisha, mwalimu. Haifai."

"Kwa hiyo mimi nimekuwa mtoto tena?"

"Kwa mujibu wa jimbo."

"Basi kama mimi ni mtoto," alisema, akavuta kiti karibu na mlango, akakaa, "nitakaa hapa nilie mpaka mtu mzima aje." Na akakaa kweli, mikono juu ya mkongojo, akimwambia kila aliyeingia kwamba anatafuta mtu mzima wa kumnunulia.

Alikuwa bado amekaa pale Hobert Sallee alipoingia, na nyuma yake Delmas Rigney, na nyuma ya Delmas wazee wengine wa kanisani, jasho mgongoni, kofia za majani kichwani. Hapo lazima nieleze desturi moja. Kwetu mtu akiugua wakati wa tumbaku, majirani hawampelekei kadi wala maua. Wanakwenda shambani kwake bila kumwambia, wanamaliza kazi iliyo mbele, na nyumba yake inawalisha. Kaka yangu alipovunjika mguu tumbaku yake yote ilikatwa na kutundikwa na watu ambao wengine walikuwa wamegombana naye. Lakini tumbaku ilipokufa na desturi ikafa. Kwa miaka mingi hapakuwa na shamba la kusaidiwa. Waliougua waliugua bure.

"Tupe soda, Estill," alisema Hobert. Uso wake ulikuwa unang'aa kama wa mtu aliyetoka kubatizwa. "Kazi imekwisha."

"Kazi gani?"

"Ya Neva. Mwambie alale tu. Shamba lake sasa limekaa kama shamba."

Nikaitazama mikono yake. Ilikuwa na utomvu mweusi mpaka kwenye viwiko, na ile harufu ya mama wa hempu ilikuwa imelijaza duka kuliko chupa zote zilizomo.

"Hobert. Limekaa vipi?"

"Lilikuwa limeachwa mno! Limechanua lote, kila mche una kichwa kama ufagio. Yule mwanamke hana mtu wa kumwambia? Tumevunja vichwa vyote, mstari kwa mstari. Hakuna ua lililosimama."

Mnielewe, ninyi msiolima. Tumbaku ikichanua unavunja kichwa, ili nguvu irudi kwenye majani, maana jani ndilo mali. Mkulima wa tumbaku akiona ua mwezi wa Agosti mkono wake haungoji akili. Hempu ni kinyume chake. Jani ni takataka. Mafuta yako kwenye ua.

Nikawaambia hivyo. Sikupaza sauti.

"Ua lipi?" akauliza Hobert.

"Hayo uliyovunja."

"Na majani?"

"Majani ni ya kutupa."

Tukawasikia wale wa nyuma ya ukuta wakihema kwa pamoja. Hobert aliishusha chupa ya soda polepole mezani, kama kwamba na yenyewe inaweza kuwa na ua ndani.

"Nilisema linanata kuliko tumbaku," alisema Delmas.

"Ulisema mgongo unakuuma!"

"Nilisema yote mawili. Ulisikia la mgongo."

"Si tuyaokote?" mmoja akauliza. "Yako pale chini, hayajakwenda mahali."

Haikuwezekana. Sheria inasema ua lolote lililokatwa kabla mkaguzi wa jimbo hajachukua sampuli ni haramu sawa na bangi yenyewe. Hobert aliposikia kwamba amekuwa akitembea na bangi haramu mpaka viwikoni, yeye shemasi, aliomba sabuni.

"Mimi sijapata hata chupa moja kihalali," alisema Mwalimu Imogene kutoka mlangoni, "na ninyi mmekata shamba zima. Nani atamwambia Neva?"

Wote wakanigeukia mimi.

"Wewe ni shemeji yake," alisema Hobert. "Una ruhusa ya utani."

"Huu si utani, Hobert. Haya ni mazishi."

Nilikwenda kumchukua hospitali na sikusema neno la shamba njia nzima. Nilimweleza habari za mwalimu na leseni yake, akanyamaza. Tulipofika daraja la kijito akaanza kuicheka. Alikuwa bado anaicheka tulipokata kona na shamba likaonekana.

Akaacha kucheka. Akashuka, ameshika ubavu uliopasuliwa, akaingia katika mstari wa kwanza. Miche ilisimama imekatwa kwa kimo kimoja kama askari walionyolewa. Nikamfuata, nikamwambia yote, nani na lini na kwa nini. Alitembea mpaka mwisho wa shamba, akarudi.

"Wamekata vizuri," alisema. "Dorsey mwenyewe asingekata sawasawa hivi." Halafu akauliza, "Mstari wa mwisho alikuwa nani?"

"Delmas."

"Ameruka mmoja." Akauelekeza kidole. Kwenye kona palikuwa na mche mmoja wenye kichwa chake, unatikisika kwa upepo peke yake. Akautazama kitambo. Nilidhani atalia, na mimi sijui kusimama karibu na mwanamke anayelia, nikaanza kuyasoma mawingu.

"Shemeji," alisema, "niletee maharage. Na mguu wa nguruwe, ule wa moshi."

"Wa nini?"

"Watu wamefanya kazi shambani kwangu nikiwa mgonjwa. Lazima wale."

Wakaja Jumamosi. Sijaona wanaume wakila maharage na mkate wa mahindi wameinamisha vichwa namna ile. Neva alizunguka na bakuli, ameshika ubavu, akiwaongezea bila kuwauliza. Hobert aliisukuma sahani yake mbele.

"Neva, sema basi. Tukana. Nifanye nini?"

"Chukua pai."

"Sistahili pai."

"Hakuna aliyesema unastahili. Nimesema chukua." Akamkatia kipande kikubwa cha tufaha. "Na nisikilizeni wote. Baada ya kuvunja kichwa, mmea unatoa nini pembeni?"

"Machipukizi," wakajibu kwa pamoja, kama watoto wa shule ya Jumapili.

"Na mkulima wa tumbaku hufanya nini na machipukizi?"

"Anayanyofoa."

"Lini?"

Hobert aliinua uso. Nilimwona akiona aibu kabla hajajibu. "Wiki ijayo. Tulikuwa tumepanga kurudi kukufanyia wiki ijayo."

"Nilijua!" Neva akapiga meza, akaguna kwa maumivu ya ubavu. "Hayo machipukizi ndiyo maua niliyobakiwa nayo. Atakayenyofoa chipukizi moja, nitamnyofoa sikio. Duka langu liko kwenye hayo machipukizi, mnasikia? Ama hayo, ama Ohio."

Basi ikawa Septemba ya ajabu. Hobert akajipa kazi ya kulinda shamba, si dhidi ya wezi, bali dhidi ya mkono wake mwenyewe na mikono ya wenzake. Walileta viti vyao, wakakaa pembeni mwa shamba mchana kutwa, wakiyaangalia machipukizi yakikua kwenye makwapa ya majani. Vidole vilikuwa vinawawasha. Delmas alikuwa anaikalia mikono yake.

"Lile pale, Hobert. Limezidi. Litanyonya mmea wote."

"Liache."

"Baba yangu angeliona hili angenichapa."

"Baba yako amekufa. Neva yuko hai. Liache."

Wakati huo upande wa pili wa kijito kulikuwa na shamba la Trevin Maddox, kijana aliyekuja na shahada, na kidege cha kuruka kinachopiga picha mimea kutoka juu. Hempu yake ilikuwa na vichwa vinene, vizito, vya kunata, kila kimoja kama mkia wa mbweha. Nilimchukia kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuamkia watu, na kwa sababu shamba lake lilikuwa zuri.

Mkaguzi wa jimbo alikuja mwisho wa mwezi, msichana mpole aitwaye Kaylin Tolliver, amevaa buti mpya na amebeba mkasi na mifuko ya karatasi. Alisimama katika mstari wa kwanza, akautazama mche, akaufungua mwongozo wake, akautazama mche tena.

"Bibi Prewitt, natakiwa kukata sehemu ya juu kabisa. Kwenye ua kuu."

"Halipo, mwanangu."

"Liko wapi?"

"Lilikatwa Agosti."

"Na nani?"

"Na kanisa," alisema Neva.

Binti akawageukia wazee kwenye viti vyao. Hobert alivua kofia, akasimama kama mtu anayesubiri hukumu. "Baptisti," alisema. "Wamethodisti hawakuhusika."

Kaylin alifikiri, akapiga simu kwa wakubwa zake, akapokea jibu, akakata vijiua vya pembeni, vile vidogo vilivyochelewa, vya kimo cha kidole. Ule mche mmoja wa Delmas nao akaukata kichwa, akakitia kwenye mfuko pamoja na vile vingine. Alipoondoka Neva alikwenda jikoni akasugua sufuria lililokuwa safi.

Majibu yalikuja siku ya mvua, tukiwa dukani, jiko la kuni linawaka. Neva aliyasoma kwenye simu, akanipa simu nisome mimi, kisha akaichukua akasoma tena. Shamba lake lilikuwa limepita. Hicho kilevi, pamoja na yai lake, pamoja na jogoo wake, vyote kwa jumla vilikuwa chini ya kipimo. Ua la hempu kadiri linavyokomaa ndivyo linavyojaza mafuta, na pamoja na mafuta hujaza na kilevi. Vijiua vya Neva vilikuwa vimechipua vimechelewa, havikupata muda wa kutenda dhambi.

Trevin hakupita. Wala wengine wawili wa bonde la juu. Vichwa vile vya mikia ya mbweha vilizidi kipimo kipya, ingawa mwaka uliotangulia mbegu ileile ilikuwa halali. Nilikwenda kusimama kwenye ua wa seng'enge nikaona trekta linafukia shamba lake mstari baada ya mstari. Nilidhani nitafurahi. Kijana alikuwa amekaa kwenye tela la gari lake, mgongo kwa trekta, hataki kuona. Nimewahi kuyapa mgongo mazao yangu namna hiyo, mwaka wa mwisho wa mnada. Nikamwambia habari za asubuhi. Akaitikia vizuri kuliko nilivyotegemea.

Wiki hiyohiyo alikuja dukani. Alizunguka, akasoma lebo, akakohoa.

"Bibi Prewitt, samahani. Nasikia wewe tu ndiye uliyepita. Mtaalamu wako wa kilimo ni nani?"

Neva alielekeza kidole kwenye jiko la kuni. Hobert alikuwa amelala kwenye kiti, kinywa wazi, makombo ya biskuti kwenye ndevu.

"Yule pale," alisema. "Lakini usimwamshe. Akiamka atakukatia kitu."

Hapo ndipo kicheko cha habari nzima kilipomfikia, tangu Agosti. Alicheka mpaka akashika kaunta. Wale wa vijikeka waliacha kuhema.

Mafuta yalitoka machache na yalitoka mepesi. Ua dogo lina mafuta madogo, hakuna ujanja. Alikamua, akapeleka maabara, akabandika lebo, na chupa mpya zikakaa rafuni Desemba kabla mwaka haujafunga mlango. Leseni ikahuishwa. Wa vijikeka wakabaki na jua la nyuma. Ila Neva si mtu wa kuficha. Kila aliyenunua alimwambia wazi.

"Mwaka huu ni hafifu, mwalimu. Nguvu zake zimepungua. Bei nimeshusha, lakini sitaki uje useme sikukwambia."

Mwalimu Imogene alikuwa amekuja na kitambulisho kipya, kimepigwa picha amekunja uso makusudi. Alikiweka kaunta kama mtu anayetupa turufu.

"Neva, hata mimi nguvu zimepungua, na bado mnaniamkia. Nipe mbili."

Wengine walisema yanafanya kazi kuliko ya zamani. Delmas aliapa kwamba mgongo wake haujawahi kutulia hivyo, na mimi nilimwona akiinamisha chupa juu ya ulimi ikiwa bado imefungwa. Serikali yetu ilikuwa imetafuta kwa miaka mingi dawa isiyo na kosa, na sasa tulikuwa tumeipata: ile isiyo na kitu.

Januari ikarudi, kuku wakaenda kutaga. Safari hii hatukupata uhakika. Leo tunasikia watalegeza kipimo, kesho tunasikia watakaza, keshokutwa kwamba watapiga marufuku kila kitu isipokuwa hempu ya kusokota kamba. Kilichopita kwanza kilikuwa kidogo: matone yasionekane kutoka barabarani. Neva alimpigia simu binti yake Ohio, akaomba yale mapazia ya maua. Yalifika kwa posta, yakatundikwa kwenye dirisha la duka, na sasa kutoka nje unadhani ni sebule ya bibi arusi.

Hayo mengine yalikuwa bado hayajaamuliwa ilipofika Agosti, hempu ikaanza tena kuchanua. Hobert alikuja dukani, akavua kofia, akazungukazunguka kabla hajasema.

"Neva. Mwaka huu unaumwa?"

"Siumwi."

"Aa." Akaonekana ameishiwa. "Tulikuwa tunauliza tu. Kama utaumwa."

Neva alimtazama, akanitazama mimi, akatoa kamba nyuma ya kaunta. "Wakilegeza, nitataka vichwa. Wakikaza, nitataka machipukizi. Nani anajua watataga nini? Njooni Jumamosi. Nusu kwa nusu."

Alifunga kamba katikati ya shamba kutoka kigingi hadi kigingi. Upande wa kushoto vichwa vibaki. Upande wa kulia ni wetu. Niliingia mstari wa pili, karibu na Delmas, na sikuwa nimevunja kichwa cha mmea wowote tangu Dorsey alipokuwa hai. Unaushika mche chini ya ua, unaukunja kwa dole gumba, unalia ta, kisha unashika wa pili. Mkono ulikumbuka kabla yangu. Nyuma na mbele yangu ilikuwa ta, ta, ta, wazee wanatembea wameinama bila kusema, na utomvu unapanda viwikoni. Harufu haikuwa ile ya tumbaku. Kama ningefumba macho ningekubaliana nayo.

Neva alisimama kwenye kamba, amevaa kofia ya Dorsey, mikono kiunoni.

"Hobert! Mkono!"

"Sijafanya kitu."

"Umevuka kamba."

"Ni kiatu tu kimevuka."

"Basi kirudishe. Na wewe shemeji, unapungukiwa nini huko? Mbona umesimama?"

Nilimwambia jasho limeniingia machoni.

"Jifute basi," alisema Neva. "Maharage yanaungua."

Nikajifuta kwa bega, maana mikono ilikuwa inanata, nikashika mche uliofuata.